Mama Yako Ameamkaje

Baba yangu alikuwa na rafiki mmoja Amerika, na mimi nusura nimpoteze kwa ujuaji wangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita katika shule ya wasichana ya misheni, na Ipogolo nzima hakukuwa na mtu wa kunishinda Kiingereza. Sijisifu. Ipogolo ya wakati ule ilikuwa nyumba chache chini ya mlima, daraja, maduka mawili, na malori yaliyosimama kupoza injini kabla ya kupanda Iringa mjini, kwa hiyo kuishinda haikuwa kazi. Lakini mimi nilijiona nimefika.

Baba alikuwa mnyapara wa barabara. Yeye na watu wake wanane walifukia mashimo, wakazibua mifereji, na masika yakianza walikesha na majembe yao kwenye ile kona ya mlimani ambako udongo ulipenda kuteremka. Kazi hiyo alijifunza vitani. Mwingereza alimchukua nikiwa bado mgongoni mwa mama, akampeleka kwa meli hadi Burma, na huko, badala ya kumpa Mjapani wa kupigana naye, akampa sururu. Alirudi nina miaka mitatu, nikamkimbia nikilia. Mama alipenda kunikumbusha jambo hilo kila nilipojifanya kumpenda baba kuliko yeye.

Kitu kimoja zaidi lazima nikiseme mapema. Mimi nimerithi jina la bibi, mama yake baba. Kwa hiyo baba hakuniita jina hata siku moja. Aliniita mama. "Mama, lete maji." "Mama, umekula?" Na mimi, kama desturi inavyotaka, nilikuwa na haki ya kumjibu kwa kiburi kidogo, maana ni nani anamfokea mama yake? Haki hiyo niliitumia yote.

Basi, huyo rafiki. Baba alikuwa akitusimulia habari zake Jumapili mchana, tukitoka kanisani, huku akichonga mpini wa jembe. Alisema walikuwa wakipiga kambi kwenye njia panda fulani, ndani ya msitu wenye matope ya kufika magotini, na hapo magari ya Waamerika yalikuja kujaza mafuta. Siku moja akashuka dereva mweusi tii, mweusi kuliko wao, amevaa sare safi, anatafuna kitu ambacho hakiishi wala hakimezwi. Askari wetu wakamzunguka kwa furaha. Wakamsemesha Kiswahili, kimya. Kihehe, kimya. Mtu wa Tukuyu akajaribu Kinyakyusa, mwingine akajaribu Kinyanja. Jamaa anacheka tu, kisha anajibu Kiingereza cha puani. Askari mmoja wa kwetu akakasirika, akasema huyo ni Mngoni tu, anajidai.

"Mimi ndiye niliyemwelewa," baba alisema, "maana nilipika kwa Mzungu wa chai kule Mufindi miaka miwili."

Kiingereza cha baba kilikuwa cha jikoni. Alijua kuuliza kama mayai yakaangwe au yachemshwe. Lakini kwa salamu kilitosha, na salamu ndizo alizozitaka.

Hapa ni lazima mtu asiye wa kwetu aelewe. Mhehe akikusalimu hakusalimu peke yako. Akishasema kamwene na wewe ukaitikia kamwene, ndipo anaanza. Mama yako ameamkaje? Mkeo? Watoto? Yule mgonjwa? Ng'ombe je? Na wewe unajibu kwa kila mmoja, kisha unamgeuzia yeye, naye anajibu kwa wa kwake. Mwenye haraka anaonekana hakulelewa. Niliwahi kumwona bwana mkubwa wa barabara, Mzungu mwenye kofia, amekaa ndani ya gari lake akipiga honi, na baba amesimama kando ya njia amemwinamia bibi kizee mwenye mzigo wa kuni, anamuuliza kuku wake mmoja mmoja. Bwana mkubwa alisubiri. Baada ya mwaka mmoja akazoea, akawa anazima injini.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza baba alimwendea yule dereva pale kwenye mapipa ya mafuta, akamuuliza: mama yako ameamkaje?

Dereva akacheka mpaka akaegemea gari. Akasema, mimi mama yangu sijamwona mwaka wa pili huu, yuko ng'ambo ya bahari, nitajuaje ameamkaje?

"Hujui, sawa," baba akamwambia. "Mimi nimeuliza."

Kesho yake akauliza tena. Keshokutwa tena. Siku ya nne yule mtu hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema: ameamka salama, ila mguu unamuuma, maana huko kwetu mvua iko karibu. Toka siku hiyo walikuwa ndugu. Gari lake lilipita hapo karibu kila siku, na kila asubuhi baba aliulizia watu wote wa nyumba ile. Mama na mguu wake uliojua mvua kabla ya mawingu. Dada aliyeimba kanisani kwa sauti ya kiume. Nyumbu wao wa kulimia, yule mtoto wa punda na farasi, si hawa wa porini kule Idodi, ambaye kila akifika mbele ya kanisa aligoma kupita mpaka avuliwe kofia. Baba aliwajua wote, na hakuwahi kumwona hata mmoja.

Na yule dereva alijifunza kumgeuzia. Na mama yako, ameamkaje? Na yule ng'ombe wa pembe moja? Baba alijibu: ameamka salama, yuko shambani anapalilia. Alijibu hivyo kila siku, miezi na miezi. Kumbe bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Alifariki kabla hata kikosi chao hakijafika msituni, na habari baba aliikuta hapa hapa nyumbani, vita vimekwisha. Sehemu hiyo alitusimulia mara moja tu, na alipofika hapo alikiweka kisu chini, akaingia ndani.

Waliachana vibaya. Baba alishikwa na homa kali, akawa hajitambui, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwama matopeni. Yule dereva akamlaza katikati ya mapipa, akamkimbiza hospitali ya kambi kwa njia ambayo hakuruhusiwa kupita. Askari mwenzake aliyepanda nao alimwambia baba baadaye kwamba alikuwa akiendesha huku akimpigia kelele, anamuuliza ng'ombe ameamkaje, ili asilale. Baba alipopona akatoka, kikosi cha Waamerika kilikuwa kimehamishwa, hakuna ajuaye wapi. Alibaki na kipande cha boksi la biskuti ambacho siku ya Krismasi yule mtu alimwandikia anuani ya nyumbani kwao. Yeye hakuwa amempa ya kwake. Sanduku la posta angelitoa wapi?

"Sikumuaga," alikuwa akisema. "Mtu amenibeba, nami sikumuaga. Sijui hata kama alifika kwao."

Ndicho kilichomkera miaka kumi. Si homa, si matope, si medali ambayo mama aliitumia kuzibia tundu la panya. Alitaka kujua kama mwenzake alifika, na alitaka kuaga. Mjini makarani wa kuandika barua walikuwepo, na Kiingereza walikijua, lakini alikataa. Alisema barua ya kwenda kwa mama wa watu haiandikwi na mtu wa sokoni. Aliamua kusubiri mtoto wake ajue. Mtoto mwenyewe ndiye mimi.

Siku nilipoleta cheti cha darasa la tano chenye alama nzuri ya Kiingereza, baba alipanda mlima kwa miguu, akaenda posta, akarudi na karatasi ya barua ya ndege, ile ya buluu ambayo ikikunjwa ndiyo bahasha yenyewe. Akainawia mikono kabla ya kunikabidhi. Kisha akakaa, akaanza kunitajia maneno, nami nikaandika kwanza kwenye daftari.

Akaanza na mama. Akauliza mguu. Akauliza mvua. Akaenda kwa dada na sauti yake, akaenda kwa nyumbu, akauliza kama bado anagoma mbele ya kanisa au ameokoka. Akaeleza hali ya ng'ombe wa pembe moja na ndama wake wote kwa mpangilio. Kurasa tatu za daftari zilijaa, na bado hatujafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuja mwishoni kabisa, kwa mistari minne: mimi ni mzima, niliondoka bila kukuaga, nisamehe, je, ulifika?

Nilichukua daftari nikampelekea mwalimu wetu wa Kiingereza. Alikuwa kijana kutoka upande wa Mbeya, mtanashati, mwenye kupiga pasi hata leso. Alisoma akacheka mpaka machozi.

"Salamu za nyumbu!" alisema. "Sikiliza, binti. Barua ya Kiingereza haizunguki. Unasema wewe ni nani, unataka nini, unaaga. Wenye lugha yao hawana muda wa kuuliza miguu."

Nikaona aibu. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya baba, na aibu ya namna hiyo ni mbaya zaidi, maana inakufanya ujione unamhurumia. Nikaifuta barua yake. Kwenye karatasi ya buluu niliandika mistari sita mizuri, iliyonyooka, yenye kila nukta mahali pake. Nilisema mimi nilikuwa askari Burma, nilikufahamu, ni mzima, naomba kujua kama wewe uko hai, tafadhali jibu kupitia shule hii. Jioni nikamsomea baba kwa Kihehe. Mguu nikautia, dada nikamtia, nyumbu nikamtia pamoja na kofia yake. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jina. Karatasi ilikuwa tupu nusu nzima, ila yeye hakujua kusoma. Akatia saini yake aliyofundishwa jeshini, herufi kubwa zilizosimama wima, akasema, "Asante, mama."

Nikalamba gundi ya karatasi, nikaifunga.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Baba alikuja mpaka shuleni kulipokea, amevaa koti lake la jeshi kwenye jua la saa saba. Tulikaa kwenye ngazi za darasa. Niliifungua barua, nikaisoma kimya kimya. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzima asiyezoea kuandika. Ulisema: mwanangu alifariki miaka minne iliyopita. Wewe sikufahamu. Barua yako haisemi unamtafutia nini. Kama unatafuta kitu, sisi hatuna kitu.

Nikamwambia. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia ila hiyo.

Baba aliichukua karatasi, akapitisha kidole juu ya mwandiko. Kisha akauliza, "Mama yake ndiye aliyeandika?"

"Ndiye."

"Hakusema mguu unaendeleaje?"

"Hakusema, baba."

"Mtu ameulizwa mguu wake, asijibu?" Akanigeukia, akanitazama vizuri. "Mama. Mguu uliuuliza?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na akili ya kutosha, na uongo wenyewe nilikuwa nao tayari mdomoni. Lakini nilianza kulia kabla haujatoka. Nikamwambia yote, mpaka nukta zangu nzuri. Nilitegemea kofi, na nakumbuka shavu lilivyokuwa likilisubiri. Baba hakunipiga. Alisema kwa sauti ya chini, "Umeniingiza nyumbani kwa watu bila hodi. Na ndani kuna msiba."

Akaondoka, akaniacha pale kwenye ngazi. Katika maisha yangu nimechapwa mara nyingi na kwa haki, na sijawahi kuumia namna ile.

Alikaa matanga. Majirani waliona wanyapara wenzake wamekuja na mbeta za ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakauliza nani amekufa. Wakaambiwa ndugu yake baba, wa Amerika. Hakuna aliyecheka. Wanawake walileta unga na kuni, wakampa mama pole, na bibi kizee mmoja, yule wa kuku, alimlilia marehemu kwa wimbo, akimtaja kuwa mwana wa mama mwenye mguu unaojua mvua. Ipogolo yote ilikuwa inajua habari za ule mguu. Mimi peke yangu ndiye niliyeona hauna maana.

Siku ya nne baba aliniita. Uso wake ulikuwa umelegea. Alinipa adhabu yangu: tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nimpigie magoti nimsalimu salamu kamili, niulize kila mtu na kila kitu, hata sururu na barabara. Nilichelewa shule wiki nzima. Nimeulizia mifereji ya maji, nimeulizia kona ya mlimani. Mwanzoni niliuliza kwa kununa. Baadaye nikagundua kwamba ili uulize lazima ujue, na kumbe sikuwa najua kwamba mmoja wa watu wake alikuwa na mtoto mgonjwa, wala kwamba baba mwenyewe goti lilikuwa likimsumbua. Miaka tisa ninakula meza moja naye, sikujua.

Ndipo akaleta karatasi za buluu, safari hii mbili, maana moja isingetosha. Niliandika na kamusi pajani, siku mbili, na sikupunguza hata neno. Tulianza na pole. Tukampa pole mama, tukampa pole dada, tukasema huku kwetu tumemlilia, na nani alileta unga. Kisha mguu. Kisha mvua. Kisha nyumbu, na ng'ombe, na ndama. Na mwisho kabisa: alinibeba nikiwa sijitambui, nami niliondoka bila kumuaga, sasa namuaga kupitia kwako.

Nilimpelekea mwalimu. Sikumwomba ruhusa, nilimwomba anisahihishie herufi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Hakucheka. Alirekebisha maneno mawili, akakunja karatasi taratibu, akasema, "Hata kwetu Unyakyusani mama ananisalimu hivi hivi. Nikienda likizo nakuwa na haraka, namkatiza." Tukaongozana mpaka posta.

Masika yalikuja, mlima ukateremka kama kawaida yake, baba akawa anarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza hata siku moja kama kuna barua. Aliniuliza tu nimeshindaje, mwalimu ameshindaje, na yule mtu wa posta je. Nilijua anachouliza.

Ilifika siku ambayo barabara ilikuwa imefungwa kwa maporomoko. Niliteremka mlima mbio, bahasha ndani ya blauzi isilowe, nikamkuta baba pale pale kwenye kona na watu wake. Safari hii haikuwa karatasi ya kukunja. Ilikuwa bahasha nene. Watu wakaegemea majembe. Baba akanawa mikono kwenye maji ya mfereji, akavua kofia.

Nikaisoma kwa sauti, nikigeuza kila mstari. Mama yule alianza hivi: kwanza naomba radhi kwa barua yangu ya mwanzo, sikujua kama ni wewe. Ungeniuliza mguu siku ile, ningekutambua papo hapo. Akajibu yote. Dada ameolewa, bado anaimba, na sauti bado ni ya kiume. Nyumbu alikufa akiwa mzee, na hadi siku ya mwisho hakupita mbele ya kanisa na kofia. Watu wa barabara wakacheka kwa nguvu, mmoja akasema afadhali huyo nyumbu kuliko mnyapara wetu. Akasema mwanawe alifika salama, akakaa nao miaka michache, kisha kifua kikamchukua. Ng'ombe wa pembe moja amemuulizia kwa jina hilo hilo, pembe moja, jinsi mwanawe alivyokuwa akimtaja. Baba alikuwa akiitikia kila jibu kwa sauti, kamwene, kamwene, kana kwamba mama wa watu amesimama ng'ambo ya mfereji.

Halafu nikafika ukurasa wa mwisho, na hapo ikabidi nianze mara mbili.

Aliandika: "Mwanangu hakupenda kusimulia vita. Jambo moja tu aliniambia, tena mara nyingi. Kwamba huko kulikuwa na Mwafrika aliyemuuliza kila asubuhi mimi nimeamkaje. Katika vita vile vyote hakuna mwingine aliyeniuliza. Nimekaa na jibu hilo miaka mingi, sikuwa na mtu wa kumpa. Leo nimeamka salama. Mguu unauma kidogo, mvua iko karibu. Na mama yako, ameamkaje?"

Watu wa barabara walimtazama baba. Wote walijua bibi alikufa lini. Maji ya mfereji yalikuwa yakipita, baba ameshika kofia yake kifuani, na mimi nikaanza kutafuta kichwani maneno ya Kiingereza ya kumwambia mama yule kwamba bibi amekufa, na tangu lini, na kwa upole gani. Baba aliniona. Akaniwekea mkono wake wenye matope begani.

"Mwandikie ameamka salama," alisema. "Mwambie yupo hapa, ndiye anayeandika."